Punda akivunjika mguu, saa ya kwanza ndiyo huamua

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa Mvumi, wilaya ya Chamwino. Wiki iliyopita punda wetu jike, wa miaka kama sita, alitumbukiza mguu wa mbele kwenye shimo akiwa amebeba madumu manne ya maji. Tulisikia mlio kama wa tawi kavu. Mguu ukawa unaning'inia chini ya goti, ila damu haikutoka. Tulimkokota taratibu mpaka nyumbani, kama kilomita tatu. Mzee mmoja akamfunga vijiti viwili kwa kitambaa. Siku ya tatu mfupa ulikuwa umetokeza nje, nzi wamejaa, na baba akaamua auawe. Je, tungeweza kumwokoa? Mbona mbuzi na ng'ombe wakivunjika hupona, lakini punda na farasi watu husema ndiyo basi? Na baba alikosea? Punda wetu dume amebaki peke yake, anasimama langoni akilia na chakula hagusi sana.

JIBU: Marahaba mwanangu. Poleni sana hapo nyumbani. Nimefanya kazi Dodoma miaka ya kutosha kujua kwamba nyumba ikipoteza punda, kesho yake mama na watoto wanarudi kubeba maji kichwani. Huo ni msiba, na sioni haja ya kutafuta neno jepesi zaidi.

Naomba nianze na aliye hai, maana swali lako la mwisho ndilo lenye haraka. Punda huwa wanashikana wawili wawili, na mmoja akiondoka ghafla, aliyebaki anaweza kuacha kula. Kwa punda hilo ni hatari kuliko kwa mnyama mwingine yeyote unayemfuga. Akikaa siku mbili tatu bila kula, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Ukichota damu yake ukaiacha itulie, maji yanayobaki juu yanakuwa meupe kama maziwa. Akifika hapo, wengi hatuwarudishi. Kwa hiyo leo hii mtafutie majani mabichi, mwekee pumba kidogo iliyoloweshwa, na mwombe jirani mwenye punda awalaze pamoja. Msimtwike mzigo wowote kwanza. Ukiona siku nzima imepita hajala, kichwa kimeinama na macho hayana habari na kitu, mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, usingoje ya pili.

Sasa nije kwa jike wenu.

Umeuliza mbona mbuzi hupona. Mbuzi ana kilo 30 au 40, anaweza kuruka kwa miguu mitatu mwezi mzima bila shida. Ng'ombe ni mzito, lakini ng'ombe hulala saa nyingi akicheua, na ni mtulivu. Ukimfunga hogo, ile plasta ngumu, analizoea. Farasi yuko mbali na hawa wote. Farasi mkubwa ana kilo 450 hadi 500, na mwili wake umeumbwa kwa kusimama na kukimbia. Hata kusinzia anasinzia akiwa wima, kwa sababu kano za miguu zina namna ya kujifunga zikamshikilia. Ukimlaza siku nyingi, uzito wake mwenyewe unabana misuli na mapafu. Na akiumia, akili yake inamwambia akimbie, hata kama mguu mmoja unaning'inia.

Jambo jingine ni ule mguu wenyewe. Pigapiga muundi wako kwa kidole: ngozi, halafu mfupa. Farasi na punda, kuanzia goti kushuka chini, wako hivyo pande zote. Hakuna nyama, kuna ngozi, kano na mfupa tu. Nyama ndiyo huleta damu nyingi, na damu ndiyo huunga mfupa. Tena ngozi hiyo ni nyembamba na mfupa uliovunjika una ncha kama ya kigae. Hatua chache tu zinatosha kuitoboa kutoka ndani.

Ninapofundisha vijana wa mifugo huwa nawapa mfano wa farasi mmoja wa mashindano huko Marekani, Barbaro. Mwaka 2006 alishinda mbio maarufu za Kentucky Derby, na wiki mbili baadaye, tarehe 20 Mei, akavunjika mguu wa nyuma wa kulia mara tu mbio nyingine zilipoanza. Alipelekwa kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akawekewa bamba la chuma na skrubu 27. Fedha ilikuwepo, madaktari bingwa walikuwepo. Mfupa ukaanza kuunga. Kilichomwangusha kilitokea kwenye miguu mizima. Ndani ya kwato kuna tabaka laini linaloshikanisha mfupa na gamba la nje, na mguu mmoja ukibeba kazi ya miwili kwa muda mrefu, tabaka hilo linakosa damu ya kutosha, linaachia, mfupa unazama ndani ya kwato. Kwato la nyuma la kushoto likaharibika, kisha na ya mbele. Tarehe 29 Januari 2007 wakamlaza milele.

Ndiyo maana nasema mfupa wenyewe mara nyingi si muuaji. Anayeua ni ngozi iliyotoboka ikaingiza uchafu, au mguu mzima uliozidiwa, au mnyama aliyekata tamaa ya kula.

Punda wetu wa huku wana nafuu moja kubwa. Wengi wana kilo 120 hadi 150. Ni wavumilivu, hulala chini kwa hiari kuliko farasi, na wakishikwa na mtu wanayemjua hawapapatiki. Kati ya farasi na punda waliovunjika mfupa ule ule, mimi nina matumaini zaidi na punda. Lakini uvumilivu huo huo unatudanganya. Farasi mwenye maumivu makali utamjua kwa jasho na kutetemeka. Punda atasimama kimya masikio yamelala kidogo, na watu watasema "haumwi sana huyu". Anaumwa.

Kabla sijaeleza la kufanya, niseme jambo linaloniuma kwa sababu limewaua punda wasio na hatia. Si kila punda anayenyanyua mguu ghafla amevunjika. Sababu ya kawaida kabisa ya punda au farasi kukataa kukanyaga ni jipu ndani ya kwato. Mwiba wa mgunga au msumari unaingia, usaha unajikusanya, hauna pa kutokea kwa sababu kwato ni gumu, na maumivu yanakuwa kama ya kuvunjika. Nimewahi kuitwa "kuthibitisha" punda auawe, nikashika kwato nikakuta lina joto, mshipa nyuma ya kifundo unadunda kwa nguvu, na mfupa wote mzima. Nilikwangua sehemu ndogo kwa kisu cha kwato, usaha mweusi ukatoka, na jioni alikuwa anakanyaga. Kwa hiyo angalia: je, mguu umepinda mahali pasipo na kiungo? Unayumba ukiguswa? Umevimba ghafla juu ya kwato? Kama majibu yote ni hapana, usiruhusu mtu ashike kisu mpaka kwato lichunguzwe. Kwa jike wenu hapakuwa na utata. Mlio mliusikia na mguu ulining'inia.

Saa ile ya kwanza ilitakiwa iende hivi.

Asisogee hata hatua moja. Hili ndilo kubwa kuliko yote nitakayoandika hapa. Kata kamba, shusha madumu hapo hapo hata maji yamwagike, mtengenezee kivuli kwa turubai au kanga, mlete mwenzake asimame karibu, na mtu anayemzoea ashike kichwa na kumsemesha. Mwingine apige simu kwa afisa mifugo. Kama ni barabarani usiku, na punda wanaogongwa kwenye barabara za Singida na Iringa ni wengi, weka watu wenye tochi pande zote mbili kabla ya kumgusa mnyama. Daktari na gari ndio wamfuate alipo.

Kama kuna damu, kandamiza kwa kitambaa safi. Kama kuna kidonda, mimina maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, kisha funika. Usipake majivu, tumbaku, kinyesi wala maji ya betri. Usichome kwa chuma cha moto. Na usimpe vidonge vya maumivu vya binadamu kwa kubahatisha.

Halafu kufunga. Hapa ndipo yule mzee alipokosea, na najua alifanya kwa huruma. Vijiti viwili vifupi vinavyoishia karibu na mahali palipovunjika havishikilii kitu. Vinakuwa kama mtaimbo unaousukuma mfupa utoke. Na kitambaa kilichokazwa juu ya ngozi tupu kinazuia damu. Banzi la kweli linashika kiungo kilicho juu ya mvunjiko na kiungo kilicho chini yake, na chini yake kuna bandeji nene.

Unene huo ndio watu hawauamini mpaka waone. Zungusha pamba kuanzia kwenye kwato kwenda juu, kaza kwa bandeji, ongeza tabaka jingine, kaza tena, mpaka mguu uwe mnene kama mara tatu ya ulivyokuwa. Ukiupiga kwa kidole ulie kama tikiti lililoiva. Kijijini pamba ya kutosha haipatikani kwa dakika kumi, lakini godoro la sponji lipo, mablanketi yapo, kanga zipo, na tyubu ya baiskeli iliyochanwa ni kamba nzuri ya kukazia. Juu yake weka banzi: bomba la plastiki la inchi nne lililopasuliwa katikati kwa urefu, au mbao mbili. Ncha za banzi zizungushiwe kitambaa zisimchome.

Banzi linakaa wapi, inategemea palipovunjika. Chini kabisa, kwenye kifundo au juu kidogo ya kwato, mguu unyooshwe mnyama akanyage kwa ncha ya kwato kama anayetembea kwa vidole, na banzi likae mbele. Mfupa wa muundi, kama wa jike wenu, unataka mabanzi mawili, moja nyuma na moja upande wa nje, kutoka chini kwenye kwato mpaka kwenye kiwiko. Ukivunjika juu ya goti, misuli yote mikubwa iko upande wa nje, nayo inavuta mguu kwenda nje, hivyo mfupa unatobolea ndani, penye ngozi nyembamba. Hapo banzi la nje lazima liwe refu mpaka lilalie bega. Mguu wa nyuma vivyo hivyo: ukivunjika juu ya goti la nyuma, banzi la nje lifike nyonga. Lakini mfupa wa paja na ule wa begani, usifunge kitu. Huwezi kuvuka kiungo cha juu, na bandeji nzito inayoning'inia chini itauvuta mguu na kuongeza uharibifu. Mwache alivyo, mtulize, ngoja daktari.

Usafiri. Kirikuu, ile gari ndogo ya mizigo, ni nzuri kwa sababu iko chini. Irudishwe nyuma kwenye kingo ya udongo punda aingie bila kuruka, au mbebe akiwa amelala juu ya turubai, kwa kilo 130 watu sita wanatosha. Kama atasafiri amesimama na aliyevunjika ni mguu wa mbele, aangalie nyuma ya gari. Kama ni mguu wa nyuma, aangalie mbele. Dereva akifunga breki, uzito unaruka kwenda mbele ya gari, nasi tunataka upokelewe na miguu mizima. Weka mchanga au majani chini asiteleze, magunia ya pumba pande zote ayaegemee, na dereva aende mwendo wa mgonjwa.

Daktari akifika atampa kwanza dawa ya maumivu. Unaweza kumkumbusha kwa heshima kwamba mwili wa punda huziondoa baadhi ya dawa hizi haraka kuliko wa farasi; akifuata maelekezo ya farasi yaliyo kwenye chupa, punda anaweza kukaa nusu siku na maumivu ambayo hakuna anayeyaona. Atampa pia kinga ya pepopunda kama kuna jeraha lolote. Jina la ugonjwa huo linabeba jina la mnyama huyu, na kwa kweli punda na farasi ni kati ya wanyama wanaoathiriwa nao kirahisi sana. Nimeona punda aliyepona mguu akafa amekakamaa taya kwa sababu ya sindano moja iliyosahauliwa.

Kisha ndipo uamuzi. Mimi huangalia mambo manne: ni mfupa gani, ngozi ni nzima au imetoboka, ana uzito gani, na je, anakula. Mtoto wa punda aliyevunjika muundi, ngozi nzima, ananyonya: huyo nitampigania bila kusita. Punda mzima mwenye mvunjiko wa namna hiyo hiyo uliofungwa vizuri mapema, bado nitamfunga hogo nikiwa na matumaini ya kweli. Mvunjiko ulioingia ndani ya kiungo, au mfupa uliotokeza na kukaa siku kwenye vumbi, matumaini yanakuwa madogo sana. Mfupa wa paja kwa punda mzima, karibu hakuna.

Hogo lenyewe ni kazi. Miaka yangu ya mwanzo nilimfunga punda mmoja aliyevunjika muundi, nikaishia chini ya goti kwa sababu vifaa vilikuwa haba na mwenye punda hakuwa na fedha zaidi. Wiki ya pili mfupa ukavunjika upya pale pale hogo lilipoishia. Sijarudia. Muundi uliovunjika hogo linaanza kwenye kwato lenyewe na kupanda hadi karibu na kiwiko, wiki sita mpaka nane kwa mkubwa, na katikati linabadilishwa; kwa mtoto muda ni mfupi, ila hubadilishwa mapema zaidi kwa kuwa anakua. Kila asubuhi mwenye punda anaweka mkono juu yake. Pakiwa na joto mahali pamoja, harufu, unyevu, nzi wanaong'ang'ania sehemu moja, au punda aliyekuwa anakanyaga akaacha, hogo linafunguliwa siku hiyo. Na mguu mzima wa upande wa pili unatunzwa kama mgonjwa: banda dogo lenye mchanga mwingi, ule wa korongoni unaotosha nusu kwato kuzama, ili nyayo nzima ibebe uzito badala ya ukingo peke yake. Mchanga tunao Dodoma kuliko kitu kingine chochote. Mwenzake afungwe jirani waonane.

Panapohitajika picha ya eksirei na upasuaji, iko hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, kama kilomita 260 kutoka Dodoma mjini. Kwa punda aliyefungwa vizuri safari hiyo inawezekana. Kwa aliyefungwa vibaya, inamaliza kazi ambayo shimo lilianza.

Kama hawezi kupona, basi asicheleweshwe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama asimwache ateseke, na mimi hata sheria isingekuwepo ningesema hivyo. Aitwe daktari, amlaze kwa dawa, dakika chache. Kumwacha porini fisi waje usiku ni ukatili, hata kama wazee wa zamani walifanya. Akishalazwa kwa dawa, nyama yake haifai kwa mtu wala mbwa. Azikwe kwa kina kirefu ili fisi na tai wasimfikie, la sivyo dawa inaua tena. Mruhusu mwenzake amnuse kabla ya kufukia. Na akitokea mtu akitaka kumnunua akiwa hai na mguu umening'inia, kwa ajili ya ngozi, mkatalieni. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, na hata kabla ya hapo, kumrundika punda aliyevunjika kwenye lori lilikuwa jambo la aibu.

Sasa swali lako, acha nilijibu bila kuzunguka. Dakika ile alipovunjika, jike wenu alikuwa na nafasi nzuri: muundi, ngozi nzima, umri wa kati, mwepesi. Nafasi hiyo ilipungua kwenye zile kilomita tatu, maana kila hatua ncha ya mfupa ilikuwa inaitafuta ngozi, na vijiti vikaimalizia. Siku ya tatu, mfupa ukiwa nje na nzi wameshataga, hata mimi ningekuwepo ningemwambia baba yako alichokiamua mwenyewe. Hakukosea. Nanyi mliomkokota mlitaka kumfikisha nyumbani. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba nyumbani kulitakiwa kumfuata yeye.

Kuhusu dume, akishaanza kula kama kawaida na mkarudi kwenye maji: madumu manne ni kilo 80, bila matandiko. Punda wa kilo 130 au 150 mpeni mawili, moja kila upande. Na lile shimo la njiani, nendeni mkalifukie wiki hii, kabla mvua hazijaficha mdomo wake kwa majani.